Hoover hakuwa alama za vidole tu
Makala yenu inamsifu J. Edgar Hoover kwa kuijenga FBI, idara ya upelelezi ya Marekani: hazina ya alama za vidole, maabara ya 1932, mafunzo ya maofisa. Sawa, hayo aliyafanya. Lakini mbona barua ya 1964 mmeigusa juu juu? Idara yake ilimtumia Martin Luther King, mtetezi wa haki za Wamarekani weusi, barua isiyo na jina pamoja na kanda ya sauti zilizonaswa kwa siri, na King mwenyewe akaelewa kuwa anatakiwa ajiue. Na huyo ndiye aliyepewa dhamana ya kusimamia sheria! Hoover alikalia kiti cha mkurugenzi tangu 1924 hadi kifo chake 1972, marais wanane wakamkuta au kumwacha hapo. Inaniuma kwamba ukomo wa miaka 10 kwa mkurugenzi uliwekwa 1976, yeye akiwa kaburini.