Tatizo si orodha, ni mlango

Ushauri mwingi wa kupanga kazi za siku huanzia kwenye orodha: andika, weka namba, anza na la kwanza. Sina ugomvi na orodha. Ila watu wengi ninaowajua hawashindwi kupanga, wanashindwa kukataa. Asubuhi orodha ina mambo matano, adhuhuri imefika kumi, na lile la kwanza halijaguswa.

Waliolielewa hili ni mafundi cherehani, tena wachache. Mtaani kwetu yupo dada mmoja ambaye kumi la kwanza la Ramadhani likiisha hubandika karatasi mlangoni: nguo za Sikukuu hazipokelewi tena. Njoo na kitambaa na hela taslimu, mwamkie mama yake pale kibarazani kwa heshima zote, jibu ni lile lile. Ndani kuna mafurushi ya nguo zilizokwisha kukatwa, kila moja na kikaratasi cha vipimo kilichobanwa kwa pini, na hayazidi anayoyaweza. Mkesha wa Idi yeye anapiga pasi tu. Jirani yake anapokea kila kinachokuja. Huyo ndiye wa "njoo kesho", na kesho ukifika anakuapia kuwa vimebaki vifungo tu, huku kitambaa chako kingali kwenye mfuko ulivyokileta.

Watu humwita mwongo. Mimi naona hesabu imemshinda. Mwaka 1961 Mmarekani John Little alitoa uthibitisho wa kanuni ya foleni ambayo, kwa lugha ya cherehani, inasema hivi: fundi anayemaliza magauni 4 kwa siku, akiwa na 40 yanayosubiri, lako likipangwa mwisho litatoka baada ya siku 10. Akilipeleka mbele lako, la mwenzako linarudi nyuma. Ama aongeze kasi, na mikono ina kikomo, ama apunguze yaliyomo ndani. Toyota kule Japani walijenga utaratibu wao wa kanban juu ya wazo linalokaribiana na hilo: kituo hakitengenezi kipuri kipya mpaka kadi irudi kuonyesha kuwa cha awali kimetumika.

Sisi wa mezani tuna shida ya ziada: mafurushi yetu hayaonekani. Bosi anayekuja na "kakazi kadogo tu" haoni yaliyorundikana kichwani mwako. Na WhatsApp ndiyo balaa lenyewe. Kundi la kamati ya harusi, la ukoo, la wazazi wa darasa la tatu, yote yanakupokelea kazi hata ukiwa umelala.

Kuna atakayesema maisha ya kwetu hayana nafasi ya kukataa. Msiba haungoji, mgonjwa haambiwi apange foleni. Ni kweli kabisa, na ndiyo maana siku isijazwe mpaka pomoni. Anayeshindwa kwenda kuzika ni yule aliyekwisha kuahidi kila saa yake kwa watu wengine.

Kwa hiyo mimi nina kikomo: kazi kubwa tatu kwa wakati mmoja. Ndogo ndogo nazipa saa moja baada ya chakula cha mchana, zisipokwisha zitalala. Ya nne ikija kutoka juu sikatai, nauliza: "Sawa bosi, kati ya hizi tatu niweke kando ipi?" Mara nyingi hushtuka, maana hakujua kama zipo tatu. Wakati mwingine anasema basi, hiyo ingoje. Si jeuri, alimradi uulize kwa sauti ya kawaida na zile tatu uwe nazo kwenye karatasi.

Kwenye kundi la ukoo swali hilo halina kazi. Mjomba akishasema, ni kuitika tu. Basi kamati ya harusi nimeihesabu kuwa moja ya zile tatu mpaka ndoa ifungwe, na ofisini kwa sasa wananipata kwa mbili.