Kovu linalovuta: lisubiriwe likomae au likatwe mapema?

Mtoto wa Bahi au Chamwino, mkoani Dodoma, akimwagikiwa uji wa moto, hulala amekunja kiwiko kwa sababu akikinyoosha kinauma. Kidonda hufunga hivyo hivyo, na miezi michache baadaye mkono haunyooki. Apasuliwe lini?

Wanaosema asubiri wana hoja. Kovu bichi ni gumu, linawasha na limejaa damu. Ukilikata linatoka damu nyingi na hupenda kujikunja tena. Hukomaa kati ya miezi 6 na 18. Kwa muda huo, kidonda kikishafunga kabisa, banzi la usiku (kipande kigumu kinachofungwa ili kiungo kisijikunje), mazoezi na kulikanda kwa mafuta huweza kulilegeza (mafuta ya alizeti yanafaa, na upepo mkavu wa Dodoma haulionei huruma kovu lisilopakwa).

Ila kope isiyofunga haisubiri: jicho hukauka, hupata kidonda, hupofuka. Vidole vya mtoto navyo vikikaa miaka vimekunjwa, kiungo chenyewe hukakamaa, na kukata ngozi peke yake hakuvinyooshi tena. Kidevu kikishikana na kifua, mtaalamu wa nusukaputi hupata taabu kupitisha mpira wa kupumulia kooni.

Kovu jembamba kama kamba, lenye ngozi laini pembeni, hukatwa kwa umbo la Z. Pembe za nyuzi 60 huongeza urefu kwa takriban asilimia 75, kwa hesabu za karatasini, mwilini hupungua. Kovu pana hukatwa kukingama hadi kwenye nyama laini, na pengo hufunguka kuliko ulivyodhani. Hapo hupandikizwa ngozi. Ile nyembamba ya pajani hushika kwa urahisi lakini hunywea sana. Ile ya unene wote ya kinenani hunywea kidogo, ila haipatikani kwa wingi. Damu ikituama chini ya ngozi iliyopandikizwa, au ngozi hiyo ikisogezwa kabla bandeji haijafunguliwa mnamo siku ya 5, inakufa. Na kiungo hakinyooshwi kwa nguvu: vidole vikipauka, mishipa ya damu imevutwa mno, kilegeze.

Kwa maoni yetu, ukiacha jicho na vidole, swali zito kuliko umri wa kovu ni nani atakayefunga banzi. Baada ya kupandikizwa hufungwa mchana na usiku kwa wiki kadhaa, kisha usiku kwa miezi 6 hivi. Mama aliye shambani tangu mvua za Desemba hawezi kurudi kliniki kila wiki. Mpangie baada ya mavuno.