Mrema Hakuiua NCCR-Mageuzi Peke Yake

Mazungumzo ya upinzani nchini Tanzania yakigusa chama cha NCCR-Mageuzi, lawama zote humwangukia mtu mmoja, marehemu Augustino Mrema. Alikuja, akavuruga, akaondoka. Mimi naona anaonewa. Chama kile kilianza kufa siku kilipompokea, na waliompokea walikuwa wasomi wenye akili zao timamu.

Kabla vyama vingi havijarejea mwaka 1992, NCCR ilikuwa kamati tu ya kudai mageuzi ya katiba, imejaa wanasheria na vijana wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mabere Marando alikuwa mstari wa mbele. Kamati ikageuka chama, hoja ikabaki ileile: Katiba ya 1977 ilitungwa chini ya chama kimoja, na ushindani ndani yake hauwezi kuwa wa haki. Hoja nzito, ila haikuwa ya kujaza viwanja.

Mrema alijaza viwanja. Akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani na Naibu Waziri Mkuu alitoa amri za siku saba, na wananchi wakapeleka kwake kila kero, hadi ugomvi wa ndoa. Alipovuliwa uwaziri Februari 1995, wiki chache tu zikapita akawa NCCR. Wala hakupewa kadi na kuambiwa akae ajifunze. Alipewa uenyekiti na tiketi ya urais, Marando akashuka kuwa katibu mkuu. Watu walisukuma gari lake barabarani, na habari ya katiba ikamezwa na vumbi la msafara.

Matokeo yalitamanisha. Pamoja na vurugu zilizofanya uchaguzi wa Dar es Salaam urudiwe, Mrema alipata asilimia 27.8 ya kura za urais dhidi ya 61.8 za Benjamin Mkapa wa chama tawala, CCM. Bungeni, hata hivyo, chama kilikuwa cha tatu: majimbo 16, nyuma ya CUF iliyokuwa na 24, kwa sababu kura za CUF zilijikusanya Zanzibar. Hesabu hiyo peke yake ingetosha kuwarudisha kwenye hoja ya kubadili mfumo wa uchaguzi. Badala yake wakarudi kugombana.

Na waligombana kwelikweli! Mwaka 1996 Mrema alishinda uchaguzi mdogo wa Temeke, na kwa muda ikaonekana chama kinapanda. Lakini ndani tayari kulikuwa na kambi mbili, ya mwenyekiti na ya katibu mkuu, kila moja ikijiita NCCR halali. Wengi husema ni tamaa ya madaraka. Sawa, tamaa ilikuwepo, lakini Marando aliamini chama ni chake kwa kuwa alikianzisha, Mrema akaamini ni chake kwa kuwa kura ni zake, na kila mmoja alikuwa na nusu ya ukweli. Makubaliano ya kumpokea Mrema mwaka 1995 hayakuwahi kusema nani ana neno la mwisho. Mwaka 1999 Mrema akahamia chama kingine, TLP, na umati wake. Mwaka 2000 NCCR ikaambulia jimbo moja, na 2005 halikupatikana hata hilo.

James Mbatia, aliyekuja kuwa mwenyekiti wa NCCR, alijitahidi baadaye, na Kigoma ikawapa majimbo mwaka 2010. Hilo silioni kama ufufuo.

Kinachonikera ni kwamba mtihani uleule ulirudi 2015. Chama cha upinzani cha Chadema kilimpokea Edward Lowassa, Waziri Mkuu wa zamani aliyetoka CCM, mwezi Julai, kikampa tiketi ya urais papo hapo, akapata karibu asilimia 40, na Machi 2019 akarejea CCM. Jibu likawa lilelile la 1995.

Ukitaka kujua wanamageuzi wale waliishia wapi, mwangalie Stephen Wasira. Mwaka 1995 alimbwaga Joseph Warioba, Waziri Mkuu wa zamani, jimboni Bunda kwa tiketi ya NCCR, ingawa mahakama ilikuja kutengua ushindi huo. Januari 2025 CCM ilimchagua kuwa Makamu Mwenyekiti wake, Bara. Katiba aliyokuwa akiipinga na wenzake ni hiyohiyo ya 1977.