Sitaha ya mtiki: gundi inasingiziwa

Kila nikikaa pale Msasani wanapovutia mashua mchangani, hakosekani mtu wa kuniambia kwamba epoksi, ile gundi ya kukoroga, haifai kwa jua la Dar. Ushahidi wao ni sitaha zilizobanduka. Moja ya sitaha hizo ilikuwa yangu, kwa hiyo naomba niitetee gundi, maana kosa nililifanya mimi.

Boti yangu ni ya mbao, mita tano na kidogo, imekalafatiwa kama zilivyo nyingi: pamba kwenye maungio, sifa (mafuta ya papa) juu yake. Mara ya kwanza nilipasua mtiki vipande vyembamba nikavibandika moja kwa moja juu ya sitaha ya zamani ya mvule. Ilipendeza, watu wakapiga nayo picha. Kaskazi ikaingia, boti ikakaa juani wiki tatu bila kuguswa, na ile mistari myeusi kati ya vipande ikapasuka kama kisigino chenye magaga.

Mzee mmoja fundi, aliyekuwa akichonga taruma, mbavu za chombo, jirani, akaja akainama kutazama. Nikamwamkia. "Marahaba. Ubao unakunywa maji, mwanangu. Wewe umeuziba mdomo juu, chini umeuacha wazi. Ulitaka ufanyeje?"

Sikuwa na jibu. Mashua ya kalafati imeundwa icheze. Mbao zikilowa zinavimba na kuibana pamba, zikikauka zinasinyaa, na hapo ndipo ulipo ufundi wake. Epoksi inataka kinyume: ubao mkavu, uliotulia, usioona maji upande wowote. Kila moja ni njia nzuri. Kuzichanganya ndiko kulikoniponza.

Mara ya pili nilibandua yote nikaweka plaiwudi ya majini ya milimita 9, nikaipaka epoksi tupu pande zote mbili, na kwenye kingo nikarudia mara tatu, kwa sababu maji huanzia kingoni. Juu yake ndipo mtiki: unene milimita 5, upana 40, nafasi ya 4 kati ya kipande na kipande. Wapo walionicheka kwa wembamba huo. Lakini kipande kinene kikivimba kina nguvu ya kuing'oa gundi, chembamba kinatii. Halafu kuna uzito. Kwa unene wa 5 mtiki una kilo tatu na ushee tu kwa mita ya mraba, na boti ndogo ukiilemeza juu inalewalewa. Misumari sikutia hata mmoja. Nilikandamiza kwa mifuko ya mchanga, na pale omoni, mbele ya boti, penye mpindo nikatumia skrubu za muda zenye washa, kisha nikazitoa na kuziba matundu.

Kuhusu mtiki wenyewe, ambao wazee wengine wanauita msaji: tunao nchini, Longuza, Mtibwa, Kilombero, wala si mti wa kuota ndoto za ughaibuni. Ila kagua rangi kabla hujalipa. Sehemu nyeupe ya pembeni haina mafuta ya kutosha na huoza upesi. Chukua kiini, na umwombe mpasuaji apasue nyuzi zisimame ukitazama ncha ya ubao, usikubali zilale.

Mafuta hayo yanayoukinga mtiki ndiyo yanayoikataa gundi. Nilifuta kila kipande kwa asetoni mpaka kitambaa kikaacha kutoka njano, kisha nikabandika papo hapo, kwa sababu ukikiacha hadi kesho mafuta yanarudi juu. Epoksi ya kubandikia nilitia unga wa mbao mpaka ikavutika kama bokoboko.

Na joto, ndiyo, lina fitina zake. Siku moja nilikoroga gundi nyingi saa sita mchana kwenye kikopo cha mtindi. Nimegeuka kuchukua mwiko, kikopo kinafuka moshi na kitako kimeyeyuka. Tangu hapo nakoroga kidogo kidogo, namimina kwenye sinia pana ili moto inaoutoa gundi ikiganda usijikusanye, na naanza alfajiri. Kazi yote niliifanya Julai, wakati wa kipupwe.

Mistari nilijaza mpira mweusi wa kuzibia sitaha. Duka moja Kariakoo walinisisitizia silikoni ya bafuni, "ni ile ile bosi." Si ile ile. Ilibanduka kwenye kipande cha majaribio kabla hata sijalipa deni la mbao.

Vanishi sikupaka. Mtiki ukiachwa hugeuka kijivu, nami naupenda hivyo, nausugua kwa maji ya bahari kukatiza nyuzi ili zisichimbike.

Kaskazi mbili zimepita. Juzi yule mzee alipanda kukagua, pekupeku, saa saba mchana. Alipiga hatua mbili, akaruka kama aliyekanyaga makaa. Akachukua ndoo, akateka maji baharini, akayamwaga sitahani, akasimama palipolowa. Akainama tena kwenye mistari, akaibonyeza kwa kucha mmoja mmoja kutoka omo hadi tezi, mbele hadi nyuma.

"Chini umeweka nini?" akaniuliza.