Pingamizi la ardhi lisiwe kisingizio cha kufukuza watu

Mwandishi wa makala ameeleza vizuri jinsi wakazi wa Mombasa wanavyopinga nyumba ya vijana wanaoacha unga, yaani heroini, kufunguliwa mtaani mwao, ila amepita mbio penye uzito wenyewe: sheria. Sheria ya Kenya ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka mabadiliko ya matumizi ya ardhi au jengo yatangazwe, na jirani ana haki ya kupinga. Haki hiyo naiunga mkono kabisa. Lakini mtu hawezi kuiandikia kaunti "hatutaki mateja hapa", kwa hivyo huandika majitaka, maegesho na kelele. Fleti za ghorofa nane zikija na shimo la choo lilelile, hatuoni hata barua moja.

Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi kwa sababu ya hali ya afya au ulemavu, na hakiifungi serikali peke yake. Hata mimi na jirani yangu kinatufunga. Marekani walishapitia haya. Mji wa Edmonds uliwekea nyumba ya waraibu waliokuwa wakipona kanuni ya idadi ya wakazi wasio na undugu, na mwaka 1995 Mahakama ya Juu ikaamua kanuni hiyo haikwepi sheria ya ubaguzi wa makazi.

Kaunti iulize kila pingamizi: ungeandika haya kama wapangaji ni wanafunzi wa chuo? Na wakikusanya maoni, vijana wenyewe waitwe wasemee nafsi zao. Ni watoto wetu wa Kisauni, Majengo na Mji wa Kale. Wakirudishwa maskani waliponunulia unga, twajua sote wataanza upya.