Fundi wa Tovuti Asilipwe Kabla Hajaelekeza Anwani za Zamani

Kila tangazo la tovuti mpya linapopita kwenye makundi yetu ya WhatsApp ya Mtwara na Lindi, mimi hutafuta kwanza linki ya zamani ya ofisi hiyohiyo na kuibofya. Mara nyingi hukutana na 404: ukurasa haupo. Rangi zimebadilika, picha za ufukwe wa Msimbati zinang'aa, na anwani zilizojenga jina kwa miaka zimekatwa zote kwa siku moja. Hili linaniudhi, kwa sababu kwa tovuti ndogo kama zetu lingezuilika kwa kazi ya jioni moja.

Google huzitambua kurasa kwa anwani zake. Nyumba ya wageni ya Mikindani ikihamisha ukurasa kutoka /vyumba kwenda /malazi bila kusema lolote, roboti wa Google, yaani programu yake inayopita kusoma kurasa, anakuta mmoja umekufa na mwingine ni mgeni kabisa. Linki zote zilizoelekea kule kwa kwanza zinaning'inia hewani. Tiba yake ni uelekezaji wa kudumu, ule wa namba 301, unaompeleka kila ajaye, mtu au roboti, hadi ukurasa ulikohamia. Namba 302 ni ya muda tu. Ukiitumia mahali ulipohama moja kwa moja, Google inaweza kuendelea kuonyesha anwani ya zamani kwenye matokeo, na huko ni kujichelewesha bure.

Wapo wanaoogopa hata 301, wakiamini inashusha nafasi kwenye utafutaji. Hofu hiyo ina chanzo chake. Mwaka 2013 Matt Cutts wa Google alieleza kuwa uelekezaji hupunguza kiasi kidogo cha PageRank, yaani uzito ambao Google huupa ukurasa kutokana na linki zinazouelekea, sawa na kinachopungua kwenye linki ya kawaida. Lakini mwaka 2016 Gary Illyes, naye wa Google, akasema uelekezaji wa aina hizi haupunguzi tena PageRank. Nafasi kuyumba kwa wiki chache wakati kurasa zinasomwa upya ni jambo la kawaida. Zikipita miezi bila kurudi, mimi huangalia kwingine: maelezo yaliyofutwa ili ukurasa uonekane msafi, kurasa tatu zilizobanwa kuwa moja, menyu ambayo bado inaita anwani za zamani.

Linaloniuma zaidi ni ule uvivu wa kuelekeza kila kitu kwenye ukurasa wa mwanzo. Chukua mtembeza watalii wa Kilwa Masoko mwenye ukurasa mrefu juu ya magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Ukurasa wa namna hiyo ukiandikwa vizuri huokota linki za wasafiri na walimu wa historia pole pole, bila kelele. Au mwenzake wa Lindi aliyeandika juu ya Tendaguru, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913. Kiunzi kikubwa kilichotoka huko kimesimama Berlin hadi leo, na mtu akikiona huko huja mtandaoni kuuliza Tendaguru ni wapi. Huwezi kumpigia simu kila aliyeweka linki yako ukamwomba airekebishe. Ukizitupa zote kwenye ukurasa wa mwanzo, Google huzichukulia karibu sawa na kurasa zisizokuwepo, na msomaji aliyetaka habari za boti ya kuvuka kwenda Kisiwani anakutana na salamu za mkurugenzi. Kila ukurasa uelekezwe kwa ule wenye maana ileile. Usio na wa kuurithi, bora ujibu 404 kwa uwazi.

Minyororo pia ikatwe. Ya kwanza inapeleka kwa ya pili, ya pili kwa ya tatu. Roboti wa Google hufuata hadi hatua kumi, lakini mwenye simu ya mtandao mzito pale Newala hana subira hiyo. Zote zielekee moja kwa moja ilipo ya mwisho.

Google inashauri uelekezaji uachwe angalau mwaka mmoja. Mimi nasema usiondolewe kabisa. Linki zetu zimechapwa kwenye kadi, mabango na ujumbe wa WhatsApp unaosambazwa tena na tena, na huko hakuna wa kuzihariri. Kama umebadilisha domeini, yaani jina lenyewe la tovuti, endelea kulipia ile ya zamani. Ukiiachia, anaweza kuinunua mtu wa kamari, na jina lako likatumika kuchezesha watu.

Na wakati una uzito wake. Anayeuza korosho kwa mtandao asiguse anwani Septemba, minada ikikaribia kuanza Oktoba. Wa utalii naye asubiri msimu wa kiangazi upite. Masika ndiyo nafasi yake. Tena ajiulize kwanza kama kuna sababu ya kweli, kama kubadilisha domeini au kuhamia https, njia salama ya kufungua tovuti. Kuchomeka neno "bora" ndani ya anwani si sababu, maana maneno ya kwenye anwani yana uzito mdogo sana.

Kwa hiyo, ndugu zangu wenye biashara: kabla ya kumalizia malipo, mdai fundi jedwali lenye anwani zote za zamani upande mmoja na mpya upande wa pili. Zibofye mwenyewe, kwa simu yako, mbele yake. Kisha fungua Search Console, chombo cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti hali ya kurasa zake, kila wiki kwa miezi ya mwanzo uone zipi zinarudisha 404, na umpigie azirekebishe.