Sauti moja, walimu watatu

Vyuo vingi vya sanaa za jukwaani vina ratiba inayofanana: kuimba kwa mwalimu huyu, matamshi kwa yule, dansi ukumbi mwingine kabisa. Siku ya onyesho mwanafunzi anadaiwa vyote vitatu kwa pumzi moja. Jinsi ya kuviunganisha atajua mwenyewe, na kwa maoni yangu hapo ndipo wenye vipaji wengi wanapopotezwa.

Kinachonikera zaidi ni maagizo yanayogongana. Mwalimu wa dansi anasema "bana tumbo", na ana sababu: mgongo lazima ushikiliwe mtu anapozunguka au kuruka. Mwalimu wa kuimba anasema "legeza tumbo", naye ana sababu. Hewa inapoingia, kiwambo, yaani msuli mpana ulio chini ya mapafu, hushuka na kusukuma viungo vya tumboni chini na mbele. Tumbo lililokazwa kama ubao haliviachii nafasi. Wote wawili wako sahihi, ila mwanafunzi ana tumbo moja tu.

Halafu kuna koo. Kazi ya kwanza ya zoloto, sehemu ya koo yenye nyuzi za sauti, si kuimba wala kusema, ni kulinda njia ya hewa. Ukinyanyua mzigo mzito, nyuzi za sauti hujifunga zenyewe ili hewa ibaki kifuani na kiwiliwili kiwe imara. Sasa mwambie mwigizaji amnyanyue mwenzake huku akiimba noti inayotaka nyuzi hizohizo zitetemeke mara 440 kwa sekunde. Hilo halitatuliwi kwa kurudia skeli ukiwa umesimama wima kando ya piano. Linafunzwa kwa kunyanyua na kuimba papo hapo, kidogo kidogo, mpaka mikono ifanye kazi bila shingo kukakamaa.

Frederick Matthias Alexander, aliyezaliwa Tasmania mwaka 1869, alikuwa mghani aliyekaukiwa na sauti mara kwa mara jukwaani. Alijichunguza kwenye vioo akaona kwamba kila anapoanza kughani hurudisha kichwa nyuma, hukandamiza zoloto na kuvuta hewa kwa kishindo. Zaidi ya karne imepita, na bado mwenye sauti ya kukwaruza anapewa mazoezi ya koo peke yake. (Mkwaruzo ukidumu wiki kadhaa, daktari kwanza, mazoezi baadaye.)

Zoezi ninalolipenda halihitaji kifaa. Chukua mstari mmoja wa tamthilia, useme kama unavyozungumza siku zote. Urudie ukirefusha irabu, mpaka uanze kuwa wimbo bila mtu kukupa melodi. Endelea huku ukitembea, ukigeuka, ukiinama. Mwenzako akusukume mabega. Kisha rudi kwenye kusema, miguu ikiwa bado inakwenda. Utasikia upesi mahali sauti inapobadilika: wengine hupoteza maana ya maneno melodi inapoanza, wengine hukatika pumzi wanapogeuka. Hapo ndipo pa kufanyia kazi.

Sisemi madarasa ya pekee yafutwe. Anayeshindwa kushika noti akiwa ametulia hataishika akiruka. Lakini kungoja wiki za mwisho kabla ya onyesho ni kuchelewa mno. Ningetaka walimu wote watatu wafundishe darasa moja pamoja kila wiki, tangu muhula wa kwanza, hata kama watabishana mbele ya wanafunzi, na hata kama itambidi mwalimu wa dansi aimbe.